Maji ya Kombata

Shemeji yangu Gaspard amevuka miaka tisini, meno hana, lakini uongo bado anautafuna vizuri. Wiki iliyopita tulimzika mke wake, Kapinga, ambaye alikuwa dada yangu mkubwa. Kilio kilipokuwa kinaelekea kwisha, watu wamekaa uani kwenye viti vya plastiki wakingoja chakula, mzee akaanza kuwachekesha wajukuu kwa hadithi ya samaki. Nilikuwa mlangoni na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mkononi. "Huyu tantine Ngalula munaona hapa," akasema akininyooshea fimbo, "alikuwa na kasamaki kake mu bokali. Mwaka ya vita! Bantu banakimbia, manyumba inaungua, yeye iko tu na samaki yake. Na mwisho akaiua na njala. Alisahau kuipa chakula!" Wajukuu wakacheka. Watu wazima nao wakacheka, kwa sababu kilioni mtu hushukuru kupata cha kuchekea. Mimi niliweka sahani chini kwenye saruji, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kitanda cha marehemu. Msije mkadhani ilikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, hasira ya zaidi ya miaka sitini, na nilishangaa kuikuta bado ina moto namna ile.

Basi niandike ilivyokuwa, kwa kuwa waliobaki wa kuijua ni yeye na mimi, na yeye ameshachagua la kusema. Ulikuwa mwaka 1961. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa mwisho katika shule ya masista iliyofundisha wasichana kazi ya ualimu, na nilikaa kwa dada yangu, katika mtaa wa Katuba. Mji bado uliitwa Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ina bendera yake na askari wake wazungu wa kukodiwa waliokunywa bia mchana kweupe, na sisi tuliotoka Kasai tulikuwa tumeanza kuitwa wageni katika mji ambao wengi wetu tulizaliwa humo. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, ambaye tulimwita Madame tu, alikuwa anarudi kwao Ubelgiji. Siku moja aliniita nyumbani kwake, akiwa amepiga magoti anafunga vikombe kwa magazeti, akanionyesha bokali la kioo juu ya meza. Ndani alikuwamo samaki mmoja, mwili wake hauzidi kidole changu cha kati, mapezi na mkia vimemzunguka kama kitenge kilicholoa, bluu ikiingia kwenye nyekundu. Kwa Kifaransa huitwa combattant, mpiganaji, kwa sababu madume wawili ukiwaweka pamoja watauana. "Mchukue wewe," alisema. "Katika darasa zima ni wewe peke yako usiyegonga kioo." Sikuwahi kupewa kitu kwa sababu ya tabia yangu. Nyumbani jina likawa Kombata.

Madame alinifundisha kumtunza pale pale, kati ya makasha. Samaki huyu huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo bokali lisijae hadi mdomoni, na lifunikwe kwa kitambaa cha wavu maana huruka. Maji ya robine, ya bomba, usimpe yakitoka tu. Yana dawa ya mji, na dawa hiyo humchoma. Yaache wazi ndooni mpaka kesho yake, yapate na jua kidogo. Usiyabadilishe yote hata siku moja: toa sehemu, rudisha sehemu, polepole, asishtuke. Weka jani kavu la mpera, maji yatageuka rangi ya chai hafifu, na wewe usiogope, ndivyo anavyoyapenda. Baridi humuua. Na tumbo lake si kubwa kuliko jicho lake. Hilo alilirudia mara mbili, akisema wengi wa samaki hawa hufa kwa ukarimu wa wenyewe. Nilimpa viluwiluwi vya mbu, viwili au vitatu asubuhi, na siku moja katika juma sikumpa kitu. Hapo palikuwa na hatari yake, kwa sababu watu wa usafi walipita nyumba kwa nyumba wakipindua kila kopo lenye maji yaliyotuama, na mwenye viluwiluwi alifokewa mbele ya majirani wote. Mimi nilikuwa nafuga mbu kwa makusudi, kwenye kopo la maziwa nyuma ya choo, chini ya kipande cha bati. Kila alfajiri nilichota kwa kijiko cha chai. Kombata alinijua. Alikuwa anapanda juu kabla kijiko hakijagusa maji, na mimi, ambaye katika nyumba ile nilikuwa wa kutumwa chumvi na kuambiwa nyamaza, niliona kwamba kuna kiumbe kimoja kinachonisubiri.

Bokali lilikaa sebuleni, kwenye meza ndogo karibu na dirisha, na hapo ndipo vita vyangu vya kwanza vilipoanza, vita vya bukari, ugali wa huku kwetu. Kwetu mtu hali mbele ya mwenzake bila kumgawia. Ni adabu nzuri, na iliniletea balaa. Kila aliyekaa kula pale alimwona Kombata amesimama kwenye kioo akimtazama, moyo ukamsuta, akamega tonge dogo la bukari akatumbukiza. Bukari huvimba, hushuka chini, huoza, na kesho yake maji yananuka. Nilikuwa naokota vipande kwa kijiko, naona Kombata anahema juu juu, nalia kwa hasira. "Shemeji, samaki hii haikulaka bukari," nilimwambia Gaspard. Alikuwa karani katika ghala moja mjini, mtu wa shati jeupe na tai, na alipenda kunijibu kwa kuwaangalia wageni. "Hapa Katanga kila kitu inakulaka bukari," akasema, wageni wakafa kwa kicheko, na tonge jingine likaingia. Nilimgeukia dada. Kapinga alikuwa na miaka ishirini na minane, mzuri, mwenye sauti ya chini, na katika mambo yote alikuwa na jibu moja: "Shemeji yako njo mwenye nyumba." Nilikuja kuhamishia bokali jikoni, kwenye rafu ya juu ya sufuria, nikasema sebuleni kuna upepo. Ukitaka kitu kisikike katika nyumba ile ilibidi ukisingizie upepo.

Aliyenirudisha sebuleni ni Monsieur Léonard. Huyu alikuwa mkubwa wa vijana wa chama kilichotawala Katanga, katika mtaa wetu. Ndiye aliyejua nyumba gani ni ya nani, na mwenyewe ametoka wapi, na vijana wake walikuwa wameanza kupita jioni na marungu wakiimba mbele ya milango ya watu wa Kasai. Shemeji akamwalika kula Jumapili. Dada alichinja kuku wawili, akakopa glasi kwa jirani, na Gaspard akavaa tai nyumbani kwake mwenyewe. Nilipoletwa kusalimia niliona mtu mnene kiasi, mpole wa maneno, mwenye saa kubwa ya mkononi, aliyekula polepole huku kila mtu akimtazama mdomo. Mazungumzo yalikuwa yanakwama. Ndipo shemeji akakumbuka samaki, akaniagiza nimlete, akatoa kioo chake cha kunyolea akakisimamisha mbele ya bokali. Kombata alijiona. Akafungua mashavu yote, akatanua mapezi, rangi ikampanda, akaanza kukishambulia kioo. Monsieur Léonard aliacha kuku. "Angalia! Iko napigana na kivuli yake! Njo sawa sisi Katanga: kadogo, lakini hakaogope muntu!" Nikasema, "Inachoka, monsieur, si muzuri kuiachia kioo mingi." Akanitazama mimi sasa, kuanzia juu hadi chini, kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama samaki.

Gaspard alikuwa amenyanyuka tayari. Alifuta bokali kwa mkono wa shati lake jeupe, akaliinua kwa mikono miwili. "Mukubwa, hii ni yenu." Nilisema, "Shemeji, ni yangu," na dada akanifinya ubavuni kwa nguvu hadi nikanyamaza. Monsieur Léonard akacheka. "Na kama itakufa? Miye sijue kuilisha." Shemeji wala hakufikiri, jibu lilikuwa limekaa mdomoni. "Ngalula atakuya kila siku kuilisha. Na kubadirisha mayi. Yeye njo anajua." Mgeni akaitikia kwa kichwa na kuomba maji ya kunawa. Walipokwisha kumsindikiza, nikiwa jikoni nasugua masufuria, niliwasikia nyuma ya pazia la chumba chao. Dada alisema, "Gaspard, huyu iko mwanamuke sasa." Shemeji akajibu, "Njo maana." Nilisimama na sufuria mkononi nikisubiri dada aseme neno la pili. Leo naandika haya nikiwa bibi kizee, na bado nasubiri neno lile. Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, aliniketisha kati ya magoti yake akanisuka nywele upya, taratibu, mistari midogo midogo, kwa mkono mwepesi ambao hakuwahi kunisukia. Nilidhani ananipoza kwa sababu ya samaki wangu. Namna nilivyokuwa mjinga inanikasirisha pia, lakini si sana. Ujinga ule nilikuwa na haki nao.

Nyumba ya Monsieur Léonard ilikuwa ya matofali, na sebule yenye radio, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na picha ya harusi ukutani. Bokali liliwekwa kwenye kabati la vyombo, jirani na radio. Mkewe aliitwa Mama Odile, kwa jina la bintiye mdogo, na alikuwa na mimba ya pili. Ametoka Kilwa ya Katanga, kwenye ziwa la Moero, na siku ya kwanza aliniangalia nikichota viluwiluwi kwenye chupa yangu akaguna. "Kwetu Kilwa hii haiko samaki. Hii njo chambo." Sikumpenda. Alikuwa na sauti ya kukata, alinipitisha mlango wa nyuma, na aliponipa chakula alikisukuma tu mezani: bukari ya muhogo, samaki wa kukaushwa wa kwao mwenye miiba, pilipili kali. Lakini alinipa kila siku, na alingoja nimalize. Nilikuwa nafika baada ya masomo, na kwa bahati, kama nilivyodhani wiki za mwanzo, Monsieur Léonard naye alikuwa anarudi kutoka kazini saa hiyo hiyo. "Kaa kidogo," alikuwa anasema. "Samaki haitakimbia." Alisimama nyuma yangu nikiwa namwaga maji kwa kikombe, akauliza hiki ni nini na kile ni nini, na mkono wake ukaanza kutua mgongoni kwangu, kama vile anaegemea. Maji yalikuwa yanamwagika. Nilisema, "Pardon, monsieur," mimi niliyekuwa naguswa.

Alikuwa anamtuma mkewe nje. "Mama Odile, enda uniletee sigara." Mama Odile alikuwa anatoka, kisha anarudi kabla hata ya kufika barabarani: amesahau kitambaa cha kichwa. Siku nyingine duka limefungwa. Siku nyingine mtoto analia. Mwisho akaja na beseni lake la maharage, akakaa katikati ya sebule kwenye kiti cha wageni, akaanza kuchambua. Mumewe akamwambia jikoni ndiko kwa maharage. "Miguu inaniuma," alisema, wala hakuinua macho. Nilidhani ananichunga nisiibe. Nikaenda nyumbani nikamweleza dada kwamba yule mwanamke ananichukia. Halafu nikamwambia jambo la mkono. Nilimwambia wazi wazi, kwa Tshiluba, lugha ya mama yetu, ili asije akasema hakunielewa. Kapinga alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Alisema, "Bakubwa banakuwa vile. Usimukasirishe." Halafu akaniomba nimpitishie ungo.

Sikujua kwamba katika nyumba ile nyingine kuna mtu aliyekuwa anaona. Mwezi wa sita, baridi imeanza kuingia, Mama Odile alinishika kiwiko jikoni. "Nifundishe ile kazi yako. Yote. Usiache kitu." Nikamfundisha. Nilianza kwa shingo upande, nikajikuta napenda, maana alikuwa mwanafunzi wa kweli. Nilimwonyesha ndoo ya maji ya kulala, na namna ya kunusa kujua dawa imetoka. Alinusa mara moja akaelewa. Nilimwonyesha jani la mpera, kiasi cha maji ya kutoa, namna ya kuyarudisha ukingoni kwa kikombe bila kumpiga samaki. Nikamwonyesha kumsogezea mbabula, jiko la makaa, asubuhi, si karibu sana, na kupima joto kwa kiwiko, vile mama anavyopima maji ya mtoto. "Na mayi yote? Mayi yote huwezi kubadirisha?" aliuliza. Nikamwambia hapana, hata siku moja. Ukimpa maji mapya matupu, ya baridi, yenye dawa, atakufa kabla hujageuka. Akalitazama bokali, akasema, "Sawa. Nimesikia." Wiki hiyo Kombata alijenga kiota cha povu juu ya maji, mapovu madogo madogo yaliyoshikana, na hiyo ndiyo dalili kwamba dume ameridhika na mahali alipo. Mama Odile aliniita nione, ametabasamu kwa mara ya kwanza. Nilitazama kile kiota nikajisikia vibaya. Samaki wangu alikuwa na raha katika nyumba ile.

Mama Odile akamwambia mumewe mbele yangu, "Sasa miye naweza. Mutoto abakie kwao, iko na masomo yake." Nilishusha pumzi ambayo nilikuwa nimeishika tangu Pasaka. Monsieur Léonard akacheka. "Weye? Utaikaanga na mafuta." Kisha akavuta sigara yake, akatazama bokali, akasema kwa ule upole wake, "Na tena baridi inazidi. Samaki itakufa na usiku, si muchana. Muntu anapashwa kuangalia mbabula. Afazali Ngalula alale hapa." Nilimtazama Mama Odile. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Siku ile hakunipa chakula. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mimi nikatoka mbio hata kitambaa cha wavu sikukirudisha vizuri.

Habari ilikuwa imefika kwetu kabla yangu. Tulipokaa kula, shemeji alitafuna, akameza, akasema akiangalia sombe, "Kuanzia kesho utalala kule. Baridi iko." Nikasema sitaki. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia Gaspard neno hilo, na nililisema kwa sauti ndogo, lakini nililisema. Akapiga meza. "Unataka batuchome? Unasikia ile bijana inapita hapa? Nyumba ya jirani wamevunja madirisha, yetu hawajaigusa. Unazani ni kwa nini?" Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Watu walikuwa wanapigwa. Wengi walikuwa wameanza kuhama na magodoro kichwani. Lakini alikuwa na miguu, na mke wake alikuwa na miguu, na sote tungeweza kubeba magodoro yetu tukaondoka kama wengine. Yeye alitaka kubaki na kabati lake na kiti chake cha ghalani, na alipotafuta ndani ya nyumba kitu cha kulipia, akaniona mimi. Dada alikuwa amekwisha kulikunja blanketi. Lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba. "Yaya," nikamwambia dada jikoni, "unajua." Akasema, "Najua nini? Baridi iko." Alikuwa anarudia maneno ya mumewe kama yalivyo.

Nilikwenda. Watu wameniuliza kwa nini nilikwenda, wachache niliowasimulia. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimelelewa vizuri. Nilifika mchana na blanketi begani, nikapita mlango wa nyuma kama kawaida, na jikoni nilisikia harufu ya javel, ile dawa ya kung'arishia nguo, kali, ya kukwaruza pua. Sebuleni bokali lilikuwa linang'aa. Sijawahi kuliona linang'aa vile. Jani halipo, rangi ya chai haipo, kiota hakipo, maji meupe yamejaa hadi mdomoni. Kombata alikuwa amelala ubavu chini kabisa, amekuwa kijivu, na mkia wake umekunjamana. Mama Odile alisimama kando ya kabati, mikono myekundu, kifua kinapanda na kushuka. Akapaza sauti ili asikike hadi chumbani. "Ngalula, mwanangu, nilibadirisha mayi yote! Ilikuwa buchafu, sawa chai. Nikasugua bokali na javel, nikaweka mayi ya robine, mupya, ya baridi, safi kabisa! Si ulinifundisha?" Huku akisema, alikuwa ananitazama moja kwa moja machoni, na macho yale hayakuwa ya mtu aliyekosea.

Monsieur Léonard alitoka na fulana, akatazama bokali, akatazama blanketi langu. Akampiga mkewe kofi moja ambalo lilimsukuma hadi kwenye radio. Mwanamke mjamzito. Nilipiga kelele, yeye hakupiga. Alishika ukingo wa kabati, akajinyoosha, akanigeukia, shavu limeanza kuvimba. "Samaki imekufa. Kazi imeisha. Rudi kwenu na blanketi yako." Mumewe alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta sababu. Asingeweza kunambia baki mbele ya mkewe, mchana ule, na samaki amelala chini ya maji, bila kusema kwa kinywa chake nilikuwa naletwa pale kwa ajili gani. Alikuwa mtu mpole wa maneno, na neno hilo hakuwa nalo. Nikaondoka. Sikumshukuru Mama Odile. Wakati ule nilijua tu kwamba ameniulia samaki, na nilimchukia njia nzima ya kurudi, nikilia kwa ajili ya Kombata. Baadaye, nilipokuja kuelewa, nilimtafuta. Vita vilikuwa vimetawanya watu, na sikumpata tena. Sijui kama alijifungua salama. Sijui alilipa nini kwa kofi lile na mengine ambayo sikuyaona. Mwanamke ambaye si wa damu yangu wala si wa lugha yangu, aliyepaswa kuniona mimi ndiye adui wa nyumba yake, alitumia kila nilichomfundisha ili anitoe pale. Na Gaspard anasema nilisahau kumlisha. Nyumba yake ilichomwa mwezi wa tisa, kabati na kiti na vyote, na yeye na dada wakaja kulala chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, kama Mkasai mwingine yeyote. Monsieur Léonard hakuinua hata kidole.

Lakini hayo ya kambi yalikuja baadaye. Siku ile ya bokali, nilipofika Katuba, shemeji alikuwa hajarudi kutoka kazini, na nilifurahi, kwa sababu nilitaka kumkuta dada peke yake. Njiani, katikati ya machozi, kitu kingine kilikuwa kimeanza kunijia. Samaki amekufa, basi hakuna wa kulishwa, hakuna mbabula ya kuangaliwa. Gaspard atapiga kelele, lakini Kapinga sasa ana njia. Hahitaji kubishana na mumewe, hahitaji kuwa jasiri. Anahitaji tu kusema samaki hayupo. Nilimkuta jikoni anasonga bukari, amenipa mgongo, mguu mmoja umekanyaga ukingo wa sufuria isiteleze. "Yaya, Kombata amekufa." Mwiko ukasimama. "Na nini?" Nikamwambia ni maji. Mwiko ukaendelea, ukageuza, ukapiga ukingo, ukageuza. Ndipo aliposema, bila kugeuka, kwa ile sauti yake ya chini, "Basi enda tu bila samaki. Atasema nini? Blanketi si uko nayo."

Nilingoja ageuke. Nilisema moyoni, akigeuka tu, akiniona uso, yataisha. Bukari ilikuwa imeshaiva, haikuwa na haja ya kusongwa tena, na bado aliisonga. Nikatoka, nikapita mbele ya nyumba za watu na blanketi langu begani, nikaenda hadi shuleni kwa masista, wakanipa kitanda. Siku ya mazishi, tulipokuwa tunatoka makaburini, binti mkubwa wa Kapinga alinishika mkono akaniuliza kwa upole kwa nini sikumwaga hata chozi moja kwa ajili ya mama yake. Nilimjibu kwamba macho yangu yana ugonjwa. Nilimdanganya yule mtoto, kwa sababu hana kosa. Dada yangu nilimlilia njia nzima kutoka Katuba hadi kwa masista, na nilipobisha mlango wao nilikuwa nimemaliza.